Wiki Moja Mikokoni: Kuandaa Kazi ya Uwandani kwa Darasa la Chuo Kidogo

Vyuo vidogo vya sanaa huria vya Marekani vina sifa moja inayowafaa watu wa uwandani: havina jeshi la wanafunzi wa uzamivu. Kipimo ambacho kwenye chuo kikubwa kingeshikwa na mtafiti wa miaka mitano hapa hushikwa na kijana wa mwaka wa pili, ambaye asubuhi amesoma historia na jioni ana somo la lugha. Vingi vya vyuo hivi huwapeleka wanafunzi wao nje ya Marekani kwa muhula mzima au kwa mwezi wa Januari peke yake. St. Lawrence cha jimbo la New York kimekuwa kikileta wanafunzi Kenya tangu 1974.

Mwongozo huu ni wa upande wa pili, wa wanaowapokea: mhadhiri wa chuo cha pwani, kiongozi wa kikundi cha mikoko, au mwanafunzi wa kwetu anayesoma huko ambaye ameombwa awaongoze wenzake. Mfano tunaoutumia ni ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, kusini mwa Mombasa. Hapo kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), na kuna Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji uliozinduliwa 2013 kuuza hati za kaboni (malipo kwa hewa ya kaboni ambayo miti huihifadhi) kutokana na hekta 117 za mikoko. Hatua zenyewe zitafaa vilevile Vanga, Lamu, Rufiji au Chwaka.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba wageni wataondoka na msitu utabaki. Takwimu zisizomwezesha mtu mwingine kurudi kwenye ploti (kipande cha msitu kilichopimwa) ileile mwaka ujao ni mazoezi ya darasani tu, hata ziwe nyingi namna gani. Karibu kila hatua hapa chini imepangwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya 1: Vibali, miezi sita kabla

Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mgeni hawezi kuipata bila kushikamana na taasisi ya humu nchini. Kwa hiyo barua ya kwanza haiendi NACOSTI, inaenda kwa taasisi itakayowapokea. Idhini ya kusafiri ya kielektroniki (eTA), iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024, humwingiza mtu nchini lakini haimruhusu kufanya utafiti. Wanafunzi wengi huchanganya hayo mawili.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, hivyo Huduma ya Misitu (KFS) lazima ijue. Baada ya hapo shuka hadi chini: chifu, jumuiya ya msitu ya eneo, kikundi cha usimamizi wa ufuo cha wavuvi. Hawa wa chini ndio wenye kukujulisha kwamba hori fulani (mkono wa bahari unaoingia msituni) lina mitego wiki hiyo, au kwamba ploti uliyoichora kwenye ramani iko karibu na mahali watu wanapozika. Tanzania Bara mlango wa kwanza ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko.

Kama darasa litahoji watu, hata maswali kumi mepesi kuhusu kuni na samaki, chuo cha Marekani kitataka bodi yake ya maadili ipitishe maswali kwanza. Bodi za vyuo vidogo hukutana mara chache. Maswali yawe tayari, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya ridhaa yatakayosomwa kwa sauti.

Amueni mapema pia kwamba udongo hautasafiri. Kuingiza udongo Marekani kunahitaji kibali cha Idara ya Kilimo (USDA), na kuutoa nchini kunahitaji vibali vya huku. Kaushieni na kupimia hapahapa. Wageni waambiwe pia kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, kwa hiyo sampuli zitiwe kwenye makopo yenye kifuniko, na kwamba droni haipakiwi sandukuni bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Hatua ya 2: Panga wiki kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya chuo

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Ofisi ya chuo hukata tiketi kwa kufuata ratiba ya masomo, na darasa hufika Gazi wakati wa maji mafu. Maji hayapwi vya kutosha, hori haivukiki, na ploti za upande wa bahari hazifikiki siku zote nne.

Lenga bamvua: siku tatu nne zinazofuata mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Pwani yetu ina bahati kubwa, kwa sababu wakati wa bamvua maji makavu huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana, kukiwa na mwanga tele. Wakati wa maji mafu kupwa hukimbilia alfajiri na jioni. Kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo siku nne za kazi zinaingia vizuri ndani ya bamvua moja. Tumia jedwali la maji la bandari ya Kilindini, kisha muulize mvuvi mmoja mzee wa hapo. Ndani kabisa ya hori maji huchelewa kutoka kuliko mdomoni, na hilo halimo kwenye jedwali.

Ingieni msituni zikiwa zimebaki saa mbili na nusu maji yapwe kabisa, mkifuata maji yanavyorudi nyuma. Mtoke zikipita saa mbili tangu maji yapwe kabisa, hata kama ploti haijaisha. Mtu mmoja apewe kazi ya kutazama saa tu. Maji yanayojaa hupita kwanza kwenye hori lililo nyuma yenu, kabla hayajawafikia mlipo.

Saa ziandikwe kwa namna moja kwenye ratiba zote, kwa mfano 10:00. Ukimwambia nahodha wa mtumbwi "saa nne" na mgeni akaandika 4:00, mmoja wao atangoja peke yake ufukweni.

Angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na usipange baraza wala mahojiano Ijumaa adhuhuri.

Hatua ya 3: Vifaa vya kikundi kimoja

Kikundi ni watu wanne. Darasa la wageni sita na wenyeji sita linatoa vikundi vitatu. Kila kimoja kibebe:

- tepe ya mita 50
- kamba ya nailoni ya mita 40, yenye fundo na kitambaa cha rangi kila mita 10
- tepe laini ya fundi cherehani, au tepe ya kupimia kipenyo kama ipo
- fimbo nyoofu yenye urefu wa mita 1.3 kamili
- dira na kipokezi cha GPS (simu ni akiba tu)
- chaki ya nta ya kutia alama mitini. Chaki ya darasani haishiki kwenye ganda lililolowa
- ubao wa kuandikia, penseli tatu, fomu kumi. Kalamu ya wino ibaki nyumbani
- rifraktomita ya kupima chumvi na chupa ndogo ya maji yaliyotoneshwa
- mabomba manne ya plastiki ya pembeni mwa ploti
- kisanduku cha huduma ya kwanza, chenye dawa ya vidonda, bandeji na chumvi za kuongeza maji mwilini

Kila mtu abebe maji lita 3. Kuhusu viatu, msikubali kushawishiwa na gambuti. Tope la mikoko hulishika gambuti, mguu ukatoka mtupu, na ganda la chaza lililoota kwenye mzizi hukata kama wembe. Kiatu cha turubai cha zamani kilichofungwa kamba hadi kifundoni, juu ya soksi ndefu, ndicho kinachofaa. Mikono mirefu na suruali ndefu nyepesi huzuia jua na usubi kwa pamoja.

Hatua ya 4: Nani ashike nini

Kosa la kawaida ni wageni kupima na wenyeji kubeba. Mtu wa kijijini anayemtambua mkandaa kwa ganda tu, kabla hajatazama jani, amewekwa abebe maji, huku mgeni aliyesoma kitabu cha miti ndani ya ndege anatangaza majina. Takwimu zinaharibika na heshima nayo inaharibika.

Panga hivi: mgeni mmoja, mwanafunzi wa chuo cha hapa mmoja, mwanakijiji anayejua miti mmoja, na wa nne yeyote. Kazi ni nne: mtambuzi, mpimaji, mwandishi na mshika kamba. Siku ya kwanza mtambuzi awe mwanakijiji, na jina la kienyeji liandikwe pamoja na la kisayansi. Kuanzia siku ya pili kazi zizungushwe, ila mtambuzi wa kwanza abaki kuwa mwamuzi. Malipo yake ya siku yakubaliwe kabla ya safari, kwa kiwango kile ambacho taasisi mwenyeji huwalipa wasaidizi wake, naye atie saini.

Mwandishi arudie kila tarakimu kwa sauti kabla ya kuiandika. "Mchu, kumi na mbili nukta nne." "Kumi na mbili nukta nne, mchu." Ikichosha, ichoshe. Kati ya kelele za matawi na lafudhi tatu tofauti, kumi na tatu na thelathini hupotezana kwa urahisi.

Kabla ya kuingia msituni kila mtu aweze kuitambua miti ifuatayo:

Mlilana (Sonneratia alba) hukaa mbele kabisa baharini, una mizizi minene ya kupumulia inayochomoza kama pembe. Mkoko (Rhizophora mucronata) una mizizi inayoshuka kwa matao. Muia, ambao Tanzania huitwa pia msinzi (Bruguiera gymnorrhiza), una mizizi iliyopinda kama magoti na ua jekundu. Mkandaa (Ceriops tagal) ni mwembamba, ncha ya jani lake ni ya mviringo. Mchu (Avicennia marina) una jani la kijivu upande wa chini na mizizi myembamba kama penseli. Huonekana ukingoni mwa bahari na tena nyuma kabisa nchi kavu, jambo linalowababaisha wageni waliofundishwa kwamba kila mti una ukanda wake mmoja. Mkomafi (Xylocarpus granatum) una tunda kubwa la mviringo. Kenya ina aina tisa kwa jumla, lakini hizi sita zitabeba karibu kazi yenu yote.

Hatua ya 5: Kuweka ploti

Chagua mistari mitatu inayotoka ukingo wa hori kuelekea nchi kavu, na kila mstari uwe na ploti nane za mita 10 kwa 10. Vikundi vitatu, ploti mbili kwa siku, siku nne: ploti 24. Ploti yenye miti 30 au 40 humaliza saa nzima mikononi mwa kikundi kipya, kwa hiyo msiahidi zaidi.

Umbali kati ya ploti uamuliwe mezani kabla ya kuingia, kwa mfano kila mita 40. Mkifika na kukuta hapo pana tope baya au miti michache, wekeni hapohapo. Kusogea hatua kumi "penye miti mizuri" ndiyo njia ya haraka ya kuufanya msitu uonekane mnene kuliko ulivyo.

Simamisha bomba la kona ya kwanza, zungusha kamba kwa mafundo yake, kisha pima kona kwa kona. Ulalo wote miwili uwe mita 14.14. Mmoja ukiwa 13 na mwingine 15, umechora msambamba, si mraba, na eneo lake si mita za mraba 100. Mti uliokaa juu ya kamba: pande mbili za ploti huhesabiwa, mbili hazihesabiwi, na pande hizo ziamuliwe kabla.

GPS isome kwa nyuzi za desimali, mfumo wa WGS 84. Chini ya majani mengi ngoja dakika kadhaa mpaka kosa lishuke, kisha andika na ukubwa wa kosa lenyewe.

Hatua ya 6: Kupima, kwa mpangilio huu

*Miche kwanza.* Kabla mtu yeyote hajakanyaga ndani, weka kiploti cha mita 5 kwa 5 kwenye kona na uhesabu miche kwa aina, katika madaraja matatu: hadi sm 40, kutoka hapo hadi sm 150, na kutoka hapo hadi mita 3. Vikundi vinavyoacha miche mwisho hujikuta vinahesabu ile iliyosalimika miguu yao.

*Kisha miti.* Pima kila shina lenye kipenyo cha sm 2.5 au zaidi, kwenye kimo cha mita 1.3. Fimbo isimame juu ya tope imara, isizame. Mkoko haufuati kanuni hiyo: mizizi ya juu ikipita mita 1.3, panda na upime sm 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na uandike kimo ulichopimia. Mti uliogawanyika chini ya mita 1.3 hupimwa kila shina peke yake lakini hupewa namba moja ya mti yenye a, b, c. Mchu na mkandaa hufanya hivi mara nyingi. Ukikuta uvimbe au jeraha, sogea juu kidogo. Kila shina lililopimwa litiwe alama ya chaki ya nta upande unaotazama kona ya kwanza.

Sasa kosa kubwa kuliko yote. Tepe ya fundi cherehani hupima mzingo, ilhali tepe ya kipenyo imeshagawanywa kwa 3.14. Kikundi kimoja kikitumia hii na kingine ile, na fomu ina safu moja tu iliyoandikwa "sm", hakuna atakayegundua usiku. Tazama madhara yake. Kanuni ya jumla ya uzito wa mikoko iliyochapishwa na Komiyama na wenzake 2005 inasema:

uzito wa juu ya ardhi (kg) = 0.251 × msongamano wa mbao × kipenyo kwa kipeo cha 2.46

Mti wa kipenyo cha sm 10, wenye mbao ya msongamano wa 0.8, unatoa kilo 58 hivi. Mti huohuo una mzingo wa sm 31.4. Ukiuingiza mzingo mahali pa kipenyo, unapata karibu kilo 970, yaani mara 17. Miti kumi ya namna hiyo inatosha kupotosha ripoti nzima ya hekta moja. Kwa hiyo fomu iwe na safu mbili, MZINGO na KIPENYO, na mwandishi ajaze moja tu uwandani. Nyingine ijazwe jioni.

*Kimo.* Miti ya chini ya mita 6 pima kwa ufito mrefu uliotiwa alama. Mirefu zaidi, rudi nyuma mpaka kilele kikae kwenye pembe ya nyuzi 45. Umbali wako hadi shinani, ukiongeza kimo cha jicho lako, ndio kimo cha mti, mradi ardhi iwe tambarare. Mahali penye msongamano kilele hakionekani. Pima mitatu inayoonekana kwa kila aina na uandike hivyo wazi.

*Chumvi.* Sawazisha rifraktomita kwa maji yaliyotoneshwa mpaka isome sifuri. Chimba shimo dogo la kina cha mkono, acha maji ya kwanza, pima yanayoingia baadaye. Ukipima maji yaliyotuama juu umepima bahari ya asubuhi ile, si udongo.

Hatua ya 7: Udongo

Sampuli moja katikati ya kila ploti inatosha kwa darasa. Tumia kekee ya udongo ya bomba lililo wazi upande mmoja, yenye urefu wa mita 1. Ondoa majani juu, isukume wima polepole, izungushe, ivute. Kabla ya kukata, linganisha kina cha shimo na urefu wa udongo uliotoka. Vikitofautiana zaidi ya sm chache, udongo umebanwa: rudia pembeni. Kekee ikigonga mzizi, usiipige nyundo, sogea.

Gawa kwa tabaka: sm 0–15, 15–30, 30–50 na 50–100. Kutoka katikati ya kila tabaka kata kipande cha sm 5. Bomba likiwa nusu duara la kipenyo cha sm 6, kipande hicho kina ujazo wa sm za ujazo 70.7. Andika namba ya ploti na tabaka kwa penseli kwenye kikaratasi ndani ya kopo, na tena juu ya kopo.

Kausha kwa nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike, kwa kawaida siku mbili au zaidi. Joto likizidi sana, mboji huanza kuungua na kaboni inakupotea kabla hujaipima. Uzito mkavu ukigawanywa kwa ujazo ndio msongamano. Tuseme kipande kina gramu 35.4: msongamano ni 0.5. Kaboni ikiwa asilimia 10, tabaka la sm 15 lina 0.5 × 0.10 × 15 = gramu 0.75 kwa kila sm ya mraba, ambayo ni tani 75 kwa hekta. Wanafunzi wafanye hesabu hii kwa mkono angalau mara moja kabla ya kufungua kompyuta.

Hatua ya 8: Jioni

Viatu vioshwe, watu wale, kisha fomu zipigwe picha kabla mtu hajalala. Data iingizwe usiku uleule na watu wawili, mmoja akisoma, mwingine akichapa. Tazameni kipenyo kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote kwa kila aina. Makosa ya mzingo na ya desimali hujitokeza hapo mara moja. Kesho yake alama za chaki bado zipo na mti unaweza kupimwa upya. Wiki ijayo haziko.

Saa hii ya jioni ndiyo pia ya masomo mengine ambayo chuo cha sanaa huria hukusudia: nani alikata boriti zilizojenga nyumba za zamani za Lamu na Uarabuni, kwa nini kijiji kimeamua kuacha miti isimame, pesa ya kaboni imejenga nini, nani hakuridhika. Alikeni wazee waje wazungumze, msitume vijana na daftari mlangoni kwao. Wageni wafundishwe kutoa shikamoo na kungoja marahaba, kufunika mabega na magoti kijijini, na kuomba kabla ya kupiga picha ya mtu.

Hatua ya 9: Kabla ya kuondoka

Siku ya mwisho kuwe na baraza. Bango moja lenye ramani ya ploti, idadi ya miti kwa aina, na miche kwa daraja, vyote kwa Kiswahili, lisomwe na mwanafunzi wa hapa pamoja na mgeni. Matokeo ya udongo yatakuja baadaye. Semeni tarehe na jina la atakayeyaleta.

Faili ya data, iliyohifadhiwa kwa mfumo wa CSV, ibaki nakala tatu: taasisi mwenyeji, jumuiya ya msitu, na chuo. Iambatane na ukurasa mmoja unaoeleza kila safu, kipimo chake, nani alipima, pande zipi za ploti zilihesabiwa, na umbali na mwelekeo wa dira kutoka alama ya kudumu hadi kona ya kwanza ya kila ploti. Makubaliano ya majina ya waandishi yaandikwe sasa, watambuzi wa kijijini wakiwemo.

Kwenye kona ya kwanza acheni bomba moja tu, limezikwa nusu mita, kichwa kimepakwa rangi, na namba yake imechongwa kwa moto kwa sababu rangi peke yake hutoka ndani ya misimu miwili ya kusi. Mabomba mengine matatu, kamba na vitambaa vyote vihesabiwe na vitoke msituni pamoja nanyi.